Sandarusi ya Mrima na Mng'aro wa Samani katika Karne ya 19

Katika historia ya useremala, hatua ya mwisho ya kazi, yaani kuipaka samani kitu cha kuilinda na kuipendezesha, imeandikwa kidogo kuliko hatua zinazoitangulia, ingawa mara nyingi ndiyo inayoamua kama meza itarithiwa na wajukuu au itachakaa mbele ya macho ya aliyeinunua. Vitabu hueleza kwa kirefu aina za mbao, mitindo ya nakshi na majina ya mafundi mashuhuri wa London, Paris na Boston, lakini vanishi iliyozipa kazi zao mng'aro hutajwa kwa neno moja tu, na asili ya malighafi yake aghalabu haitajwi kabisa. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, vanishi iliyohesabiwa kuwa ngumu kuliko zote ilitengenezwa kwa sandarusi, ambayo ni utomvu mkavu wa mti, uliochimbwa ardhini katika Mrima, yaani ukanda wa bara unaotazamana na kisiwa cha Unguja, na kusafirishwa kupitia bandari ya Zanzibar. Makala haya yanafuatilia utomvu huo tangu shimoni hadi juu ya mbao, na hoja yake ni kwamba ubora ambao masoko ya ng'ambo yaliuhesabu kuwa sifa ya mpika vanishi ulitokana kwanza na msitu, na muda mrefu wa kukaa ardhini, na mkono wa mchimbaji wa pwani, ambaye malipo yake yalikuwa duni kuliko ya wote waliokipokea kitu hicho baada yake.

Ili kuelewa kwa nini sandarusi ilitafutwa kwa bidii kiasi hicho, ni lazima kwanza kuangalia mambo ambayo fundi wa samani wa wakati ule aliweza kuchagua. Njia nyepesi ilikuwa kupaka mafuta yanayokauka, hasa mafuta ya kitani, ambayo hukamuliwa kutoka mbegu za mmea unaotoa pia nyuzi za kufumia nguo. Mafuta haya huingia ndani ya mbao, huidhihirisha mishipa yake na kuitia rangi ya joto, lakini hayaachi juu yake ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Njia ya pili ilikuwa nta ya nyuki, ambayo hung'arishwa kwa kitambaa na kuupa uso wa mbao ulaini wa kupendeza, ila joto huilainisha na maji huiachia madoa. Njia ya tatu, iliyoenea sana Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, ilikuwa shelaki, inayotokana na lakiri, yaani utomvu unaotolewa na vidudu wadogo wanaoishi juu ya matawi ya miti nchini India. Shelaki huyeyushwa katika spiriti na kupakwa kwa bumba la kitambaa, tabaka nyembamba juu ya tabaka, hadi mbao ing'ae. Uzuri wake haukuwa na mfano, lakini kikombe cha moto kilitosha kuacha duara jeupe juu ya meza, na pombe iliyomwagika iliifumua mara moja.

Njia ya nne ilikuwa vanishi ya mafuta, ambayo ni mchanganyiko wa utomvu mgumu na mafuta ya kitani uliopikwa pamoja kwa moto mkali. Mafuta huifanya vanishi hiyo iweze kujinyoosha bila kupasuka mbao inapovimba au kusinyaa kwa majira, na utomvu huipa ugumu na mng'aro, kwa hiyo sifa ya vanishi nzima hutegemea ni utomvu gani uliotiwa ndani yake. Utomvu laini, kama ule wa misonobari, ni rahisi kupika na bei yake ni nafuu, lakini vanishi yake hunata wakati wa joto na huchunika upesi. Utomvu mgumu ni shida kupika, na ukishapikwa vizuri huacha ngozi inayostahimili jua, maji na mikono ya watu kwa miaka mingi. Katika orodha za wafanyabiashara wa karne ya 19, utomvu mgumu kuliko aina zote zilizouzwa kwa wingi ulikuwa ule wa Zanzibar.

Mti unaotoa utomvu huo, msandarusi, huitwa na wataalamu wa mimea Hymenaea verrucosa, na humea katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji pamoja na kisiwa cha Madagaska. Gome lake linapojeruhiwa na upepo, wadudu au shoka, hutoa utomvu unaoganda juu ya shina na matawi, kisha huanguka na kufunikwa na majani na udongo. Watu wa pwani walijua tangu zamani kwamba sandarusi si moja. Ile mbichi, iliyokusanywa mtini au iliyozikwa kwa muda mfupi, iliitwa chakazi, na kwa kuwa ilikuwa laini iliuzwa kwa bei ya chini, nyingi ikipelekwa India na China kwa vanishi za kawaida. Ile iliyokomaa ilikuwa imekaa ardhini kwa muda mrefu sana, mara nyingi mahali ambapo hakukuwa na msandarusi hata mmoja uliosimama, na katika muda huo ilikuwa imepoteza mafuta yake mepesi na chembe zake zilikuwa zimeshikana kwa nguvu zaidi. Ilipooshwa, uso wake ulionekana umejaa vipele vidogo vidogo mithili ya ngozi ya ndege aliyenyonyolewa, na alama hiyo ndiyo iliyomhakikishia mnunuzi kwamba anachokishika ni sandarusi ya kweli.

Kwa kuwa mashimo mengi yalikuwa mbali na miti iliyo hai, wataalamu wa Ulaya walibishana juu ya asili ya sandarusi ya ardhini, na wako waliodhani kwamba ilitoka kwa mti uliokwisha kutoweka duniani. Aliyelifafanua jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1860 ni John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyeishi Zanzibar tangu mwaka 1866 na ambaye baadaye aliiwakilisha Uingereza kama balozi, kwa kulinganisha mabaki ya mimea yaliyonaswa ndani ya utomvu wa zamani na mti uliokuwa bado ukimea Mrima, akaonyesha kwamba chakazi na sandarusi iliyokomaa zatoka katika mti mmoja na kinachozitenganisha ni umri. Msitu ulikuwa umerudi nyuma au umehama, na hazina yake ikabaki chini ya ardhi.

Matumizi ya sandarusi katika pwani yenyewe ni ya kale kuliko biashara ya vanishi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Uchunguzi wa kikemikali wa utomvu uliopatikana katika magofu ya Unguja Ukuu, mji uliokuwa kusini mwa kisiwa cha Unguja, umeonyesha kwamba sandarusi ilifukizwa kama ubani huko katika karne ya 7 na ya 8. Kwa upande wa samani, hata hivyo, mafundi wa Uswahilini walifuata njia nyingine za urembo. Kiti cha enzi, ambacho wenye nyumba waliwakalisha wageni wa heshima, kilitegemea weusi wa mbao yake na vipande vya pembe au mfupa vilivyopachikwa ndani yake, na milango ya Lamu na Zanzibar ilitegemea nakshi ya patasi. Penye rangi, kama katika miguu ya vitanda vya visiwa vya Lamu iliyokerezwa na kupambwa kwa mistari myekundu, myeusi na ya manjano, kilichotumika ni lakiri iliyotiwa rangi: mguu ulipokuwa ukizunguka katika kerezo, yaani mashine ya kuchongea vitu vya mviringo, kijiti cha lakiri kiligandamizwa juu yake, joto la msuguano likakiyeyusha, na rangi ikashika mbao papo hapo. Pwani iliyokuwa na utomvu bora wa vanishi ilipamba vitanda vyake kwa ufundi unaofanana na ule wa India, kwa sababu sandarusi haikuwa na faida kwa seremala asiyekuwa na mafuta ya kitani na tanuri la kuipikia.

Mahitaji ya ng'ambo yalikua kwa kasi tangu miaka ya 1830. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts, aliingia Zanzibar akiwa balozi wa kwanza wa nchi yake. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho hadi leo huitwa merikani, zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Thamani ya sandarusi mbele ya mtawala inaonekana wazi katika mkataba wa mwaka 1839 kati yake na Uingereza: uhuru wa biashara uliotolewa humo uliwekewa mpaka katika Mrima, tangu Mtangata hadi Kilwa, ambako biashara ya bidhaa mbili tu, pembe za ndovu na sandarusi, haikuruhusiwa kwa wageni. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kimarekani au wa Kizungu hakuweza kwenda mwenyewe kwa wachimbaji. Ilimbidi anunue Zanzibar, baada ya mzigo kupita katika mikono ya wachuuzi wa Kihindi na Kiswahili wa miji ya pwani na kulipiwa ushuru katika forodha, ambayo kwa miaka mingi ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kachi huko India.

Wachimbaji wengi walikuwa Wazaramo na jirani zao wa nyuma ya Bagamoyo, Dar es Salaam na kusini kuelekea Rufiji na Kilwa. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyeingia bara kupitia Mrima mwaka 1857, aliandika kwamba mchimbaji alitoboa udongo kwa kijiti kilichochongoka, akafungua shimo jembamba, kisha akaukwangua udongo uliolegea kwa kiganja hadi mkono wake ulipokoma kufika, na hapo akaliacha shimo hilo akaanza jingine. Burton aliuhesabu utaratibu huo kuwa uvivu, akaamini kwamba uchimbaji wa kina wenye usimamizi mkali ungeleta mavuno makubwa zaidi, na hukumu yake ikarudiwa na waandishi wengine wa Ulaya. Lakini hukumu hiyo haikutazama hesabu ya mchimbaji mwenyewe. Uchimbaji ulikuwa kazi ya kuongezea kilimo, iliyofanywa na watu waliokuwa na mashamba ya mtama na mihogo ya kuangalia. Sandarusi haikukaa katika mkondo mmoja kama madini, bali ilitawanyika vipande vipande katika mchanga mwekundu, na kuchimba shimo refu mahali pamoja kulikuwa kupoteza nguvu bila hakika ya kupata kitu. Zaidi ya hayo, bei aliyolipwa mchimbaji, mara nyingi kwa nguo na shanga, ilipangwa na mchuuzi aliyejua bei ya Zanzibar, nayo bei ya Zanzibar ilipangwa na soko ambalo mchimbaji hakuliona. Shimo lisilozidi urefu wa mkono lilikuwa jibu la busara la mtu aliyejua kazi yake ingemlipa nini.

Kutoka mashimoni sandarusi ilipelekwa mijini ikiwa imefunikwa na gamba la udongo na mchanga, ikapimwa kwa frasila, kipimo cha pwani kinachokaribia kilo 16. Gamba hilo halikuondoka kwa maji matupu. Lilihitaji kulowekwa katika maji yenye magadi au dawa nyingine ya aina hiyo, ambayo hula tabaka la nje lililooza na kuacha utomvu safi, kisha kila kipande kikasuguliwa, kikaanikwa na kuchambuliwa kwa ukubwa na rangi, tangu kile cheupe cha kioo hadi cha manjano na chekundu. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa Salem, katika kiwanda cha Jonathan Whipple, na wafanyakazi wa mji huo walipata riziki kwa kusafisha mavuno ya Mrima. Mambo yalibadilika mwaka 1861, Marekani ilipoweka ushuru mzito juu ya sandarusi iliyoingizwa bila kusafishwa, na kwa kuwa kusafirisha udongo na kuulipia ushuru hakukuwa na faida tena, usafishaji ukahamia Zanzibar. Uamuzi uliofanywa Washington kwa sababu za Washington ukaupa mji wa Zanzibar ajira mpya ya mikono, ingawa upishi wenyewe wa vanishi, ambao ndio uliobeba faida kubwa, uliendelea kubaki ng'ambo.

Upishi huo ulikuwa ufundi wa hatari uliofichwa kama siri ya ukoo. Sandarusi iliyokomaa haikubali kuchanganyika na mafuta ya kitani ikiwa katika hali yake ya asili. Ni lazima kwanza ivunjwe kwa joto la takriban nyuzi 300 za sentigredi au zaidi, katika sufuria ndefu ya shaba iliyowekwa juu ya moto wa makaa, mara nyingi uani au katika banda lililotengwa na majengo mengine. Utomvu uliyeyuka polepole, ukafura povu na kutoa moshi mkali unaowaka kirahisi, na katika dakika hizo ulipoteza sehemu kubwa ya uzito wake, hata robo. Mpishi aliyeuondoa motoni mapema alipata vanishi yenye mawingu iliyotenga mafuta na utomvu, na aliyechelewa alipata uji mweusi usiofaa, au moto uliomaliza karakana. Povu lilipotulia alimimina mafuta ya kitani yaliyokwisha kuchemshwa, akachukua tone na kulivuta kati ya vidole hadi litoe uzi, na alipoona uzi huo una urefu anaoujua akaondoa sufuria motoni, akaiacha ipoe kiasi, kisha akaongeza tapentaini, yaani kimiminika chepesi kinachotokana na utomvu wa misonobari, ili vanishi iweze kupakwa kwa brashi. Baada ya hapo vanishi ilihifadhiwa miezi mingi, wakati mwingine miaka, ili takataka zishuke chini na mchanganyiko ukomae.

Fundi wa samani aliyenunua vanishi hiyo alipaswa kuwa na subira iliyolingana na ya mpishi. Mbao ilipigwa randa na msasa, ikajazwa vinyweleo kwa unga uliochanganywa na mafuta, na kama ilihitaji rangi ilitiwa dawa ya kuibadilisha kabla ya vanishi, kwa maana vanishi ya sandarusi haikukusudiwa kuficha mbao bali kuionyesha. Kisha tabaka moja jembamba lilipakwa na kuachwa siku kadhaa likauke, likasuguliwa kwa unga laini wa mawe ili kuondoa vumbi na alama za brashi, likafuatwa na jingine, na uso wa mwisho ukang'arishwa kwa unga laini zaidi na mafuta. Kwa sababu ya kazi hiyo ndefu na bei yake, vanishi ya sandarusi haikutumiwa kila mahali: ilichaguliwa kwa magari ya farasi, mabehewa ya reli na samani zilizotazamiwa kuguswa, kumwagikiwa na kupigwa jua, huku shelaki ikibaki kwa kazi za sebuleni zilizohitaji mng'aro wa kioo lakini hazikukabiliwa na shida. Mgawanyo huo ndio msingi wa kanuni ambayo maseremala huifuata mpaka leo, kwamba anayechagua kipakwacho huitazama kwanza kazi ambayo samani itatumiwa kwayo, ndipo autazame uzuri.

Kuporomoka kwa biashara hii hakukuletwa na jambo moja. Tangu katikati ya karne ya 19, utomvu wa mkauri wa New Zealand, ambao ni laini kidogo na rahisi zaidi kupika, uliingia sokoni kwa wingi na kwa bei nafuu, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulifuatwa na kopali ya Kongo, utomvu mwingine uliokusanywa katika mabonde yenye kinamasi ya nchi hiyo chini ya utawala wa Kibelgiji. Huko Mrima kwenyewe, bei ya mpira wa msituni ilipopanda, watu wale wale waliokuwa wakichimba sandarusi waligeukia kugema mitoria, yaani mimea inayotoa mpira huo, ambayo iliwalipa vizuri zaidi kwa siku chache zaidi. Utawala wa Wajerumani, ulioanza rasmi mwaka 1891, uliwabana wakazi wa pwani kwa kodi na kilimo cha pamba cha lazima, na kwa sheria ya mwaka 1904 ukaanza kutenga misitu kuwa hifadhi za serikali, hivyo kuwafungia watu milango ya maeneo waliyokuwa wakichuma bidhaa zao za biashara. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, vilianzia katika nchi ambayo kwa vizazi kadhaa ilikuwa imeishi kwa kuuza mazao ya msitu. Pigo la mwisho lilitoka maabara: rangi za selulosi zinazokauka kwa saa chache badala ya siku nyingi zilianza kutumika katika viwanda vya magari vya Marekani mwaka 1923 na 1924, na kabla ya muongo huo kwisha zikafuatwa na vanishi za utomvu wa kutengenezwa kwa kemikali, ambazo hazikuhitaji mchimbaji wala mpishi anayevuta uzi kwa vidole.

Leo msandarusi bado unamea katika mabaki ya misitu ya pwani, ikiwemo Arabuko-Sokoke nchini Kenya, lakini mahali pengi umekatwa kwa mbao, mkaa na mashamba, na uhusiano wake na useremala umesahaulika hata na watu wanaoishi chini ya kivuli chake. Wanaofahamu thamani yake zaidi ni wataalamu wa majumba ya makumbusho wanaotengeneza samani za kale, ambao hupima chembe ndogo za vanishi ili kujua ni utomvu gani uliotumika kabla ya kugusa kabati au meza, kwa sababu dawa inayofaa kusafisha shelaki huweza kuwa haina nguvu juu ya sandarusi, na dawa ya sandarusi huweza kuiharibu shelaki kabisa.

Historia hii ina funzo kwa uandishi wa useremala wa Afrika Mashariki, ambao kwa kawaida huanzia kwa fundi na kuishia kwa mteja. Samani iliyotengenezwa kwa mkono hubeba kazi ya watu wengi kuliko aliyeichonga, na sehemu ya kazi hiyo, katika nyumba nyingi za Marekani na Ulaya za karne ya 19, ilifanywa na wakulima wa Mrima waliotafuta utomvu kwa vijiti na viganja katika mchanga mwekundu. Pwani ilitoa malighafi ambayo haikuwa na mshindani kwa ugumu, lakini haikupata tanuri, wala mafuta, wala nafasi ya kupika na kuuza vanishi kwa jina lake, na kwa hiyo sifa ya kazi ikawekwa kwa wale walioimalizia. Kuiandika upya historia ya vanishi kwa kuanzia mashimoni si kuwanyima wapishi wa London na Boston heshima yao, bali ni kuwarudishia wachimbaji nafasi waliyostahili kuwa nayo tangu mwanzo. Na kuihifadhi misitu iliyobaki ya msandarusi ni kuihifadhi pamoja nayo sehemu ya historia ya samani za dunia ambayo haiwezi kupatikana mahali pengine.